Yoga na Afya: Kusoma Tena Kitabu cha Dom Déchanet



Ni zaidi ya miaka 60 tangu Dom Jean-Marie Déchanet, mmonaki Mbenedikti wa abasia ya Saint-André karibu na Bruges, katika inchi ya Ubelgiji, alipotoa kitabu chake La Voie du silence, yaani Njia ya Kimya. Kilitoka mwaka 1956, na mwaka 1960 kikatoka kwa Kiingereza kwa jina la Christian Yoga. Ndani yake mmonaki huyu aeleza ginsi mazoezi ya mwili ya Wahindi, yaitwayo yoga, yalivyomsaidia kusali. Sisi Wakongo kitabu hiki chatugusa kwa karibu. Wabenedikti wa Saint-André walianza kazi yao katika Katanga mwaka 1910, na Dom Déchanet mwenyewe alikuja kukaa katika monasteri ya Kansenia. Basi si sauti ya mtu wa mbali.

Twakichukua tena mkononi leo kwa sababu shauri lake limerudi na nguvu mpya. Tarehe 11 Desemba 2014 Umoja wa Mataifa uliweka tarehe 21 Juni kuwa siku ya yoga kwa dunia nzima, nayo ikafanywa mara ya kwanza mwaka 2015. Tena waganga wa hospitali na waalimu wa vyuo vikuu, katika Ulaya, Marekani na Uhindi, wamefanya majaribio mengi juu ya faida za yoga kwa afya na kwa mwenendo. Zamani mtetezi wa yoga alisema: « Mimi nimeonja. » Sasa asema: « Waganga wamepima. » Neno hilo la pili ni zito kuliko la kwanza, na mseminari anayelisikia mara nyingi hukosa jibu. Wengine hujibu kwa hofu, wakidai kwamba kila kitu kilichotoka kwa Wahindi ni cha shetani. Wengine hupokea yote bila kuchagua. Njia hizo mbili hazimfai mtu aliyesoma filozofia. Yafaa tuulize polepole: waganga wamepima nini, na wameona nini? Kisha tuulize kama waliyoyaona yaweza kubeba mzigo ambao wasomaji wengi wa Dom Déchanet wataka kuyatwika.

I. Kitabu chenyewe

Dom Déchanet hakuwa mwandishi mwepesi. Alikuwa bingwa wa maandiko ya Guillaume de Saint-Thierry, mmonaki wa karne ya 12, rafiki wa Mtakatifu Bernardo. Kwake alijifunza kutazama mtu katika hali tatu, ambazo kwa Kilatini huitwa anima, animus na spiritus: uhai wa mwili pamoja na tamaa na hisi zake, akili inayofikiri, na roho inayomwelekea Mungu. Mara nyingi hali hizo tatu hazipatani. Roho yataka kusali, akili yazunguka sokoni, mwili wasinzia. Kila padri aliyepiga magoti kabla ya jua kutoka ili afanye taamuli yake aijua vita hiyo.

Neno la kitabu ni hili: mwili ukizoezwa kukaa vizuri, kunyosha viungo na kutawala pumzi, hautakuwa tena adui wa sala, utakuwa mtumishi wake. Mwandishi ajitoa mwenyewe kuwa shahidi, ndiyo maana jina dogo la kitabu lasema ni mambo aliyoyaonja mmonaki mmoja. Ashuhudia kwamba mwili wake ulitulia na kwamba kimya cha ndani kilikuja kwa urahisi zaidi.

Katika jambo moja kubwa asimama imara, nasi hatuna budi kumsifu. Hakuchanganya miisho miwili. Wahindi wengi wanaofuata yoga hutafuta kufunguliwa kwa nafsi, hata ijitambue katika hali isiyo na mwisho wala mabadiliko. Mkristu hutafuta Mungu ambaye ni Nafsi, anayesema na kusikia, aliyejifunua katika Yesu Kristu. Kwa hiyo Dom Déchanet achukua mazoezi, aacha mafundisho yale ya Kihindi juu ya mwisho wa mtu. Alifanya hivyo miaka karibu 10 kabla ya Mtaguso wa Vatikano wa Pili kutamka, tarehe 28 Oktoba 1965, kwamba Eklezia haikatai lolote lililo la kweli na takatifu katika dini nyingine. Alikuwa na ujasiri, tena alikuwa na busara.

Lakini ushuhuda wa mtu mmoja, hata awe mtakatifu, hauonyeshi bado ni nini kilicholeta nafuu. Pengine ni mazoezi. Pengine ni kimya cha monasteri, chakula kidogo, usingizi wa saa moja kila usiku, au neema ya Mungu inayopita popote ipendapo. Ili kutenga mambo hayo yafaa vipimo. Basi tuwageukie waganga.

II. Waganga wameona nini juu ya mwili

Uchunguzi huu si wa jana. Mwaka 1924 Swami Kuvalayananda alianzisha huko Lonavla, katika Uhindi, nyumba ya kuchungua yoga kwa vyombo vya elimu, akatoa na jarida lake. Mwaka 1935 mwanamke Mfaransa, mganga wa moyo, jina lake Thérèse Brosse, alikwenda Uhindi na mashine inayoandika mwendo wa moyo, kwa kuwa wajuzi wa yoga walisemekana waweza kusimamisha moyo kwa kutaka. Shauri hilo lilipata jibu mwaka 1961, wakati Wenger, Bagchi na Anand walipotangaza vipimo vyao. Moyo haukusimama. Wale watu walishika pumzi na kukaza misuli ya kifua kwa nguvu, damu ikapunguka kurudi moyoni, na mpigo ukafifia hata sikio la mganga lisiusikie. Lakini mashine iliendelea kuandika. Mfano huu wafaa kukumbukwa, kwa sababu waonyesha mambo mawili kwa pamoja. Hao watu hawakuwa waongo, maana walikuwa na utawala wa mwili ambao mimi na wewe hatuna. Lakini ajabu waliyosimuliwa haikuwapo.

Tuje kwa magonjwa. Ugonjwa uliochunguzwa sana ni maumivu ya mgongo yanayodumu. Mwaka 2017 mganga Saper na wenzake huko Boston walitangaza jaribio la watu 320, wengi wao maskini. Kundi moja lilifundishwa yoga kwa majuma 12, kundi la pili lilinyoshwa viungo na wafanyakazi wa hospitali waliosomea kazi hiyo, kundi la tatu lilipewa kitabu cha kusoma. Yoga haikushindwa na kazi ya hospitali. Habari njema. Lakini mwaka 2022 shirika la Cochrane, ambalo kazi yake ni kukusanya majaribio yote ya jambo moja na kuyapima pamoja, lilitazama majaribio 21 yenye watu 2,223. Hukumu yao: anayefanya yoga apata nafuu kidogo kuliko asiyefanya zoezi lolote, nafuu ndogo hata mgonjwa aweza asiione kuwa kitu, na yoga ikilinganishwa na mazoezi mengine ya mgongo, hakuna tofauti kubwa. Tena wako waliozidishiwa maumivu na hayo mazoezi.

Basi tusome vizuri. Waganga hawakusema yoga ni bure. Walisema ni zoezi jema kati ya mazoezi mema. Mtu aliyekaa kitini siku nzima akiinuka na kunyosha mgongo wake, atafaidika. Maneno hayo ni ya kweli, wala hayahitaji Wahindi wa kale ili tuyaamini.

Jaribio jingine latugusa sisi zaidi. Mwaka 2001 Luciano Bernardi wa Pavia na wenzake walichukua watu wazima 23 wenye afya, wakawapima wakati wa kusali Ave Maria ya rozari kwa Kilatini, na wakati wa kurudiarudia maneno ya mantra. Katika njia zote mbili pumzi ilishuka kuwa karibu mara 6 kwa dakika, na moyo na mishipa ya damu vikapatana vizuri zaidi katika kazi yao. Sababu yake ni rahisi. Ave Maria ikisaliwa na pande mbili, upande mmoja ukianza na wa pili ukiitikia, huchukua sekunde karibu 10, na hizo sekunde 10 zalingana na mwendo ambao mwili wenyewe waupenda.

Mapadri wengine walifurahia habari hii mno, wakasema: « Tazameni, elimu imethibitisha rozari! » Polepole, ndugu. Kwanza, mantra iliyotumiwa inajulikana zaidi kwa Wabuddha kuliko kwa watu wa yoga, chombo hakikujali. Pili, chombo hakikujali vilevile kama mtu anasema na Mama wa Mungu au anasema na ukuta. Kilihesabu pumzi. Ikiwa tutasifu rozari kwa sababu ya mishipa ya damu, tutamjibu nini kesho mtu atakayesema kwamba mantra inatosha, kwa kuwa kipimo ni kilekile?

III. Hatari ya kweli: kifafa

Hapa twafika mahali ambapo kosa la kusoma vibaya laweza kuua mtu. Dom Déchanet aliteswa na kifafa tangu ujana wake. Msomaji mwepesi ataunganisha mambo mawili haraka: mmonaki alikuwa na kifafa, mmonaki alifanya yoga, basi yoga ni dawa ya kifafa.

Cochrane ilichungua jambo hilo pia. Katika hesabu yake ya mwaka 2017 ilipata majaribio mawili tu yaliyostahili, yenye watu 50 kwa jumla, na kati yao 18 tu ndio waliofundishwa yoga. Wachunguzi wakasema wazi kwamba kwa hesabu ndogo namna hii haiwezekani kukata neno lolote la kuaminika.

Wakatekista wetu waijua hali ya wagonjwa wa kifafa vijijini. Mtoto akianguka, watu hukimbia kwa kuogopa povu lake, wakidhani litawaambukiza. Huangukia motoni au mtoni bila mkono wa kumshika. Hufukuzwa shuleni. Mamaye humpeleka kwa mwenye dawa za kienyeji, kisha kwenye vyumba vya sala, kisha kurudi tena. Kumbe kuna vidonge vya fenobarbitali, ambavyo si vya bei kubwa, navyo husaidia wagonjwa wengi kama vikimezwa kila siku bila kukosa. Na kuviacha kwa gafula kwaweza kuleta mianguko mikali kuliko ile ya kwanza. Sasa akaja padri kijana mwenye kitabu kizuri mkononi, akasema: « Mmonaki mmoja wa Kansenia alipata nafuu kwa kupumua vizuri. » Mama atasikia nini? Atasikia kwamba vidonge vyaweza kuachwa. Neno la padri kijijini lina nguvu kuliko neno la infirmye, na ndiyo sababu padri lazima aogope kulisema ovyo.

Hatumshitaki mwandishi kwamba alifundisha hivyo. Twasema kwamba kitabu cha ushuhuda hakibebi ndani yake kinga ya kuzuia usomaji kama huo, na sisi tunaokipitisha mkono kwa mkono ndio wenye kazi ya kuiongeza. Vilevile juu ya kusimama kichwa chini, zoezi linalosifiwa katika vitabu vingi vya yoga: huongeza nguvu ndani ya macho, na mwenye ugonjwa wa macho uitwao glakoma aweza kuumia. Hakuna zoezi lisilo na mtu ambaye halimfai.

IV. Juu ya mwenendo

Wengine husema: tuache mgongo na moyo; faida kubwa ya yoga ni kumgeuza mtu awe mpole na mwenye kujitawala. Tutazame majaribio mawili.

La kwanza lilitangazwa mwaka 2013 na wachunguzi wa Oxford. Wafungwa 100 wa magereza 7 ya Uingereza waligawanywa: wengine walifanya yoga mara moja kwa juma kwa majuma 10, wengine waliendelea na maisha ya kila siku ya gereza. Wale wa yoga walionekana kuwa na huzuni na wasiwasi kidogo kuliko wenzao, tena walikosa kidogo katika mtihani wa mashine unaopima kama mtu aweza kuzuia mkono wake usibonyeze upesi. Twafurahi kwa ajili ya wafungwa hao, na padri anayetembelea gereza asizarau habari hii. Walakini tuone mipaka yake. Kundi la pili halikupewa kitu kingine mahali pa yoga. Kama wangalipewa mpira, au kwaya, au bustani ya kulima, labda nao wangalipata nafuu. Tena kuzuia kidole mbele ya mashine bado si kuzuia ngumi mbele ya adui.

Jaribio la pili lilitangazwa mwaka 2018 na Jochen Gebauer wa Mannheim na wenzake. Walifuata wanafunzi 93 wa yoga kwa majuma 15. Waliwauliza, mara nyingine baada tu ya zoezi, mara nyingine siku isiyo na zoezi, ginsi walivyojiona wakijilinganisha na wengine wa darasa lao. Waalimu wa yoga hufundisha kwamba mazoezi hupunguza kujipenda. Vipimo vilionyesha kinyume chake: baada ya zoezi watu walijiona bora kuliko wenzao zaidi ya siku nyingine, hata katika wema na kusaidia watu. Na pamoja na hayo walijisikia vizuri. Nadhani neno hilo la mwisho ndilo la kutisha, kwa kuwa furaha yao ilikwenda pamoja na kujiona.

Jaribio moja si hukumu ya mwisho, nasi hatutalifanya fimbo ya kuwapigia Wahindi. Wakristu twaijua hali hiyo tangu zamani. Mfarisayo aliyesimama hekaluni alikuwa ametulia. Alikuwa amefunga mara mbili kwa juma, mwili wake ulikuwa chini ya utawala, na katika utulivu huo alimtazama mtoza ushuru aliyekuwa nyuma. Kama mganga angalipima pumzi za hao wawili, labda angalimwona Mfarisayo kuwa mwenye afya zaidi.

Hapa yafaa tuwatendee haki wenye yoga. Maandiko ya Patanjali, yaliyo msingi wa yoga ya zamani, yahesabu viungo 8, na mikao ya mwili ni kiungo cha tatu tu, utawala wa pumzi ni cha nne. Cha kwanza ni makatazo matano: kutodhuru kiumbe, kutosema uwongo, kutoiba, kushika usafi wa mwili, kutotamani mali. Cha pili ni maagizo ya usafi, kutosheka, kujinyima, kusoma na kujitoa kwa Mungu. Mtu wa zamani hakuruhusiwa kuruka ngazi mbili za kwanza na kusimama juu ya ya tatu. Lakini madarasa mengi ya mijini siku hizi huanza kwenye ya tatu, na waganga nao hupima ya tatu na ya nne, kwa kuwa hizo ndizo zipimikazo kwa urahisi. Kisha tunda la ngazi za kwanza latafutwa mahali ambapo mti wake haukupandwa. Mhindu mwenye elimu ya dini yake angeshangaa kuliko sisi.

V. Hukumu yetu juu ya kitabu

Twaweza sasa kusema neno letu juu ya La Voie du silence.

Kwanza, mwandishi ana haki kusema kwamba mwili si kitu cha kuachwa mlangoni mwa kanisa. Mtakatifu Thoma, alipotafuta dawa za huzuni katika Summa, hakuona haya kuuliza kama usingizi na kuoga vyaipunguza, akajibu kwamba ndiyo, vyaipunguza. Mtume Paulo aliita mwili hekalu la Roho Mtakatifu. Katika seminari zetu kuna vijana wanaolala saa nne, wanaokaa kitini saa kumi, wanaokula mbiombio, kisha washangaa kwamba taamuli yao ni kavu, nao waungama ukavu huo kama zambi. Mkurugenzi wa roho angefanya vema kuwauliza kwanza juu ya usingizi wao. Kama kitabu hiki chatukumbusha hilo tu, chastahili kusomwa.

Pili, mwandishi ana haki kutenga mwisho wa Kikristu na mwisho wa Kihindi. Lakini kutenga huko ni kwa akili, na mazoezi hayakai katika akili tu. Mtu akirudia kila siku zoezi linalomrudisha ndani yake mwenyewe, aweza kuzoea kumtafuta Mungu katika raha yake. Barua ya Roma juu ya taamuli ya Kikristu, iliyotolewa tarehe 15 Oktoba 1989 na Kongregasio ya Mafundisho ya Imani chini ya Kardinali Ratzinger, yatoa kipimo kilicho bora. Haikatazi kutumia njia za Mashariki zenye kumsaidia mtu kusali. Yaonya tu kwamba mazoezi mengine ya mwili huleta yenyewe utulivu, hata hisia za mwanga na joto; na mtu akiyadhania hayo kuwa faraja za Roho Mtakatifu, amepotea njia, hasa ikiwa mwenendo wake haulingani nayo.

Hapo ndipo upungufu wa kitabu. Ushuhuda wa mmonaki wapita kwa urahisi mno kutoka kwenye kutulia kwenda kwenye kusali, kama kwamba la kwanza ni mlango na la pili ni chumba. Kwake yeye ilikuwa hivyo, na sababu yake yajulikana: alikuwa amekwisha kuishi maisha ya kimonaki, akiimba zaburi, akitii abate, akilishwa na Guillaume de Saint-Thierry. Chumba kilikuwa tayari kabla ya mlango kufunguliwa. Mtu asiye na hayo akifungua mlango uleule, ataingia katika chumba kitupu, na pengine atajikuta humo peke yake, akijisikia vizuri.

Na vipimo vya waganga havimwondolei mwandishi upungufu huo. Vyamsaidia katika jambo dogo: ni kweli, pumzi ya polepole na viungo vilivyonyoshwa hutuliza mtu. Katika jambo kubwa havina la kusema, kwa kuwa neema haina chombo cha kuipimia. Na pale vilipokaribia jambo kubwa, vilipouliza kama mtu amekuwa mnyenyekevu, jibu halikuwa la kufurahisha.

VI. Mashauri matatu kwa kazi yetu

Kwa mseminari. Ukitaka kunyosha mgongo wako asubuhi na kupumua taratibu kabla ya taamuli, fanya, wala usisumbuke zamiri. Lakini usiliite sala, kama vile usivyoita kuoga kwako sakramenti. Tena kumbuka kwamba mazoezi mengine yafaa mgongo sawasawa na hayo. Jembe liko, mpira uko, njia ya kwenda kwa miguu kwenye kituo cha sala iko. Mtakatifu Benedikto hakuwaacha wamonaki wake bila kazi ya mikono, akisema uvivu ni adui wa roho. Dom Déchanet, mwanawe, angekubali.

Kwa padri. Usilete mimbarini habari ya « waganga wamethibitisha » mpaka umeuliza: watu wangapi, walilinganishwa na nani, kwa muda gani, na ni nini hasa kilichopimwa. Maswali hayo manne hayahitaji diploma ya udaktari. Na mambo ya magonjwa umwachie mganga. Mgonjwa wa kifafa akija kwako, mwombee, mpake mafuta ikiwa yampasa, kisha umwulize mamaye kama vidonge vimekwisha, na kama vimekwisha, tafuta njia vipatikane.

Kwa katekista. Watu wa kijiji chako hawakai kitini. Mama anayebeba maji kutoka mtoni na kuinama shambani mpaka jioni hana haja ya kufundishwa kuinama zaidi. Maumivu ya mgongo wake yatapungua zaidi siku kisima kitakapochimbwa karibu, au mumewe atakapobeba nusu ya mzigo. Majaribio ya Boston hayakufanywa kwa ajili yake. Usimpelekee dawa ya ugonjwa wa watu wengine. Mfundishe rozari kama alivyofundishwa na mababa wa imani: aseme na Mama, naye Mama ampeleke kwa Mwana. Ikiwa pumzi yake itatulia wakati huo, na amshukuru Mungu kwa hilo pia.